Kona ya Chini ya Kamba ya Nguo

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja wa nyuma, kumpelekea Babu chai, na kubishana naye. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonimaliza.

"Shikamoo, Babu. Daktari amesema utembee."

"Marahaba. Mwambie atembee yeye."

Basi! Anakunja uso na kuangalia ukuta. Tangu alipougua na mkono wake wa kulia kuanza kutetemeka, Babu aligandamana na kiti chake cha nyuma ya nyumba. Miguu ilikuwa mizima, lakini daktari alituonya kwamba akiendelea hivyo, itafika siku atataka kusimama ashindwe. Tulimbembeleza, tukamgombeza, wapi!

Mama ndiye aliyepata wazo. Yeye ni fundi wa kutandaza nyasi bandia kwenye bustani za watu. Naye Babu, kwa miaka thelathini, alikuwa akibeba mifuko ya wachezaji wa gofu. Zile nyasi fupi zinazozunguka shimo alizijua kuliko sebule yetu, ila hakuwahi kuzichezea hata siku moja.

"Tumwekee zake hapa nyuma ya nyumba," Mama alisema. "Akipiga mpira, ataufuata. Akiufuata, ametembea."

Wazo lilikuwa zuri. Taabu ni kwamba lilikuja pamoja na Mama na pimamaji lake la kupimia usawa, na Mama akiwa kazini hana masihara. Tulichimba udongo, tukaanza kujaza changarawe laini.

"Tabaka la vidole vitatu," aliniambia. "Limwagie maji, lishindilie kwa hili gogo mpaka lidunde. La pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. Umesikia, Chapuchapu?"

Nyumbani waliniita Chapuchapu, na si kwa kunisifu.

Nilishindilia Jumamosi nzima. Gogo lile lenye mpini lilikuwa zito, viganja vikaota malengelenge, na kila nilipodhani nimemaliza, Mama alipiga magoti, akaweka pimamaji, akaguna. "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Jamani! Kwani tulikuwa tunajenga uwanja wa ndege?

Ikabaki kona moja, chini ya kamba ya nguo. Mama aliingia ndani kuchukua kisu cha kukatia kapeti la nyasi. Huko nje wenzangu walikuwa wananiita tukacheze. Nikamwaga changarawe yote kwa mpigo mmoja, nikaisawazisha kwa reki, nikaikanyagakanyaga kwa miguu. Ukiiangalia, safi kabisa.

"Kona ile umeshindilia matabaka yote?" Mama aliuliza aliporudi.

"Ndiyo, Mama."

Aliweka pimamaji, likakubali. Kapeti la nyasi likatandazwa, kingo zikapigiliwa misumari, na shimo likawekwa karibu na kona yangu.

"Nani kawaambia nataka kucheza?" Babu alinguruma alipoliona, lakini mkono ulikuwa umeshaishika fimbo moja ya zile za gofu alizoletewa na Mama. Wiki ile alipiga, akafuata, akapiga, akafuata. Chai yake ilikuwa inapoa kila siku, na hakuna aliyelalamika.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Ilipokatika, Babu alipiga mpira wa kwanza. Ulikwenda vizuri, ulipokaribia shimo ukakata kushoto, ukajikunyata chini ya kamba ya nguo. Wa pili, kule kule. Wa saba, kule kule. Babu aliutazama mkono wake unaotetemeka.

"Ni huu," alisema. "Umekwisha. Hizo fimbo mpeni mwenye mikono."

Akarudi kwenye kiti, akageukia ukuta. Mimi nilijua mkono hauna kosa lolote. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ikafika, Babu hakunyanyuka. Kesho kutwa, vile vile. Mama naye alikuwa amepima kona, akashika kiuno.

"Imetitia! Kazi yangu mimi, ititie? Huyu aliyeniuzia changarawe atanitambua leo!"

Alikuwa ameshachukua mtandio, anaelekea langoni.

"Mama, usiende," nikasema. "Ni mimi. Kona ile sikuishindilia. Nilimwaga yote mara moja nikaenda kucheza."

Mama alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Chapuchapu! Ungesema siku ile ile, ingekuwa kazi ya nusu saa. Siku tatu unamwangalia babu yako anaulaumu mkono wake, na wewe kimya? Haya, lete koleo. Ng'oa misumari."

Niling'oa misumari, nikakunja kapeti, nikatoa changarawe yote. Vidole vitatu, maji, gogo. Nilitaka kulia kwa uchovu, na Babu hakunisaidia hata kidogo. Alikuwa amegeuza kiti kututazama.

"Pembeni hujagusa!" alifoka. "Si hapo! Kushoto! Huyu mtoto haoni?"

Mwishowe uvumilivu ukamshinda. Alinyanyuka, akaja na mkongojo wake, akaanza kunigongea kila mahali palipolegea. Mama alinikonyeza ninyamaze. Babu alisimama nasi mpaka msumari wa mwisho ulipoingia.

Kisha akachukua fimbo. Mpira ulinyooka, ukapita pembeni mwa shimo kwa upana wa kidole, ukasimama. Mimi na Mama tukageuka kumtazama.

"Ahaa!" Babu alicheka. "Hiyo nimekosa mwenyewe!"

Alinigeukia, kicheko kikapungua.

"Mjukuu wangu, nimebeba mizigo ya watu miaka thelathini, naijua. Ulipokwepa kazi, ulikosea, na kosa linatengenezeka. Ila ulipodanganya ukanyamaza, kosa lako ulinibebesha mimi, nikaamini nimekwisha. Mzigo wako beba mwenyewe, hata ukiwa wa aibu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa sogea, unanizibia njia," akasema, akaenda kuufuata mpira wake.