Mahindi ya Siku Mbili

Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo ndefu. Chiriku alifagia ua, akateka maji, akaosha vyombo, kisha akajibanza kivulini na simu ya zamani ya mama yake, ile iliyopasuka kioo pembeni. Walimwita Chiriku kwa sababu hakuna aliyeweza kumnyamazisha isipokuwa simu hiyo.

Ndani yake kulikuwa na mchezo alioupenda kuliko yote. Mtu yuko peke yake kisiwani, na majira ya baridi yanakuja. Inabidi avue samaki, aanike nyama, avune nafaka na kuhifadhi kila kitu kabla hakijaoza. Chiriku alikuwa hodari kweli. Mtu wake alikuwa amevuka baridi mara tatu bila kulala njaa hata siku moja.

Mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Kila jioni alirudi vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni, akakaa kwenye kigoda, na mara nyingine usingizi ulimkamata hajavua hata viatu. Bibi naye magoti yalikuwa yamegoma. Kwa hiyo walipomaliza kupukuchua gunia la kwanza la mahindi ya shamba lao, kuyaanika kukawa kazi ya Chiriku.

"Yatandaze kwenye turubai, yasirundikane," bibi alimwelekeza. "Uyageuze mara kwa mara. Jua likishuka yaingize ndani, yasilale na umande. Siku tano, siku sita hivi."

"Siku sita, bibi! Kwenye mchezo ni siku mbili tu. Rangi ikibadilika, unatia kwenye pipa, kwisha."

"Basi huyo wa kwenye simu na ale ya kwenye simu," bibi akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya kwanza Chiriku aliyageuza mara nne. Siku ya pili mara moja, maana jua lilimchoma utosini. Jioni akapapasa punje, akaziona kavu juu na rangi yake nzuri. Bibi alikuwa ndani akijikanda magoti. Chiriku akayamimina mahindi kwenye pipa la plastiki yakiwa bado na joto la jua, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote. Kwenye mchezo, kilichofungiwa pipani hakiharibiki tena.

"Yamekauka?" mama aliuliza aliporudi.

"Yamekauka kau, mama."

Mama alikuwa hoi. Hakwenda kutazama, na bibi naye akaliamini jibu hilo.

Baada ya wiki tatu unga ukaisha. "Chota ndoo moja upeleke mashineni," mama akasema asubuhi, akaondoka kwenda kazini.

Chiriku alipofungua pipa, joto lilimpiga usoni, na harufu kama ya nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye mfuko. Punje zilishikamana mabonge mabonge, zimeota ukungu wa kijani. Kisha akaketi chini, akachagua zilizoonekana nzuri, akazisugua kwa kitambaa na kuzipepeta mpaka mabega yakamuuma. Ndoo ilipojaa, zilifanana na mahindi.

Mashineni, msagaji alimpokea akiwa mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. "Chiriku, leo umemeza ulimi?"

Chiriku akamkabidhi ndoo. Nyuma yake alisimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Nakufuata wewe, mwanangu," alisema. "Yangu ni haya kidogo, ya uji wa huyu. Ndiyo kwanza anaanza kula."

Chiriku akaitazama mashine. Kila mtu alijua kwamba unga wa aliyetangulia hubaki kidogo mle ndani na kutoka na wa anayefuata. Msagaji alikuwa tayari ameinua ndoo.

"Usimimine!" Chiriku akapiga kelele. "Yaliota ukungu. Nimeyafuta."

Msagaji akachota konzi, akanusa, akairudisha taratibu. "Huwezi kuufuta, mwanangu. Sumu yake inaweza kuwa imeingia ndani ya punje, na hata ukipika haitoki. Nenda ukamwambie mama yako."

"Amechoka."

"Najua. Mwambie hivyo hivyo akiwa amechoka."

Alimwambia jioni ile, kabla mama hajakaa. Mama akafunua pipa, akachungulia ndani.

"Na nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, mama."

"Hicho kilikuwa chakula chetu cha miezi miwili."

Walikula viazi vya kuchemsha, na siku iliyofuata wakayafukia mahindi yote shimoni, hata kuku wasiyaguse.

Lilikuwa limebaki gunia moja la mahindi, bado kwenye magunzi. Chiriku akalipukuchua hadi vidole gumba vikachubuka, akayaanika, akayageuza, akayaingiza, siku baada ya siku. Bibi akamwonyesha kutia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, kuitikisa, kisha kuiacha itulie kidogo. Siku ya nne chumvi iling'ang'ania kwenye chupa: mahindi bado yana maji. Siku ya sita ilidondoka yote chini.

"Sasa yaache yapoe kivulini," bibi akasema. "Ukiyafungia na joto lake, yatatoa jasho."

Mama aliporudi walisaidiana kuliinua gunia, wakaliweka juu ya mbao, mbali na ukuta. Mama akaegemea mlango, akihema.

"Kuharibu mahindi ni kosa la mtu anayejifunza," alisema. "Nimeumia, lakini yamepita. Kilichonitisha ni lile jibu lako. Mimi nikifika hapa sina nguvu ya kukagua, mwanangu. Ukisema yamekauka, nitakula, na bibi yako atakula. Ukisema yameoza, tutalala na viazi lakini tutaamka wazima. Kwa hiyo niambie kweli. Ukinikuta nimelala, niamshe uniambie."

"Nitakuamsha, mama," Chiriku akasema.