Bango la Nne

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, Doreen Vasko, mchoraji wa mabango ya historia, alikuta nguzo mbili tupu mbele ya kiwanda cha zamani cha pamba, kule Pennsylvania. Bango la nne halikuwepo. Skrubu zake nane zilikuwa zimepangwa mstari mmoja juu ya ukuta wa mawe.

"Miezi kumi na moja!" alifoka. "Nimelichora upya mara kumi na tisa. Kamati imegombana wiki tatu kuhusu rangi ya kijani. Halafu mtu anakuja, analibeba!"

Kurt Lindgren, meneja wa hifadhi ya kiwanda hicho, alikuna kichwa. "Na vipeperushi vyote havipo stoo. Maboksi sita. Mlango haukuvunjwa."

Uzinduzi wa bango ulikuwa saa nane mchana. Opal Stroud, bibi wa miaka tisini na mmoja, alikuwa njiani kuja kumwona mama yake katika picha ya bango lile, msichana mdogo mwenye ufagio. Hakuwahi kuona picha nyingine ya utotoni ya mama huyo.

"Ni Royce Tolliver," Kurt alisema. "Bango linasema babu yake aliajiri watoto wa miaka saba."

Royce alipigiwa simu, akaja amenuna.

"Nililipinga, ndiyo. Nikashindwa kwa kura. Sasa mnataka nini, mama? Mnipekue mifuko?"

"Stoo una ufunguo?"

"Hata choo chenu sina ufunguo wake."

Doreen alitoa kipeperushi kimoja kilichobaki mkobani, akakisoma chote. Babu wa Royce hakutajwa humo. Basi mwizi hakuudhiwa na maneno. Kitu kimoja tu kilikuwa kwenye bango na kwenye vipeperushi pia: picha.

Akasimama katikati ya nguzo, akainua kipeperushi. Katika picha, gurudumu la maji lilikuwa kulia kwa mlango. Mbele ya macho yake, lilikuwa kushoto.

"Mungu wangu. Picha imegeuzwa. Tumeiidhinisha wote ofisini, hakuna aliyetembea hatua hamsini kuja kulinganisha. Kurt, jana mafundi walipofunga bango, nani alikuwa hapa?"

"Alden peke yake. Alikuja kufunga stoo."

Alden Fitch, mwanahistoria wa hifadhi, ndiye aliyeleta picha ile. Walimkuta ofisini kwake. Doreen aliweka karatasi ya idhini mezani.

"Sahihi ya nani hii, Alden?"

"Yangu."

"Na hii? Na hii?"

Alden alivua miwani. "Bango na vipeperushi viko kwenye gari langu. Kile kioo cha picha ya zamani nilikiweka nyuma mbele nilipokipiga nakala. Miaka thelathini nawasahihisha watu, Doreen. Nilitaka muda tu."

"Ungenipigia simu jana, bango lingekuwa limesharekebishwa! Hizo skrubu ulizipanga za nini?"

"Zisipotee."

Doreen alitaka kupiga kelele. Badala yake akampigia mchapishaji simu. Saa saba bango lilikuwa limerudishwa kwenye nguzo, picha mpya imebandikwa juu ya ile ya zamani, Alden akishika kona.

Bibi Opal alipofika, Alden mwenyewe alimweleza kosa lake. Bibi alisogea, akagusa ule mkono ulioshika ufagio. Sasa ulikuwa wa kushoto.

"Afadhali mmerekebisha," alisema. "Huo ndio mkono uliokuwa ukinichapa."