Zamu ya Arvil

Jumamosi mchana katika mji wetu wa Tolliver Gap, huku kwenye milima ya Marekani, habaki mtu nyumbani, isipokuwa mgonjwa na mwenye kinyongo. Wengine wote hukusanyika kwenye lililokuwa duka la chakula cha mifugo, wakala maharage na mkate wa mahindi, achari ya kabichi pembeni, kisha viti vikapangwa duara na muziki wa bluegrass, ule wetu wa gitaa na fidla, ukaanza. Kiongozi wa duara alikuwa Delphia Sizemore, mwanamke wa miaka sabini mwenye gitaa na mdomo mkali. Kaka yake Arvil alikaa kando yake na fidla, na mke wa Arvil, Orlena, ndiye aliyepakua chakula. Haya ninayoyasimulia yalimpata Delphia huyohuyo, na nyumba yangu inatazamana na yake.

Duara letu lina sheria moja. Wimbo ukishaimbwa, kila mpigaji hupewa zamu ya kutamba peke yake, wengine wakimshikia mdundo. Kiongozi humwashiria mtu kwa kichwa, naye akapokea. Asiyetaka hutikisa kichwa kukataa, na zamu ikapita. Lakini kukataa ni kwake mwenyewe. Awe amejifunza jana, awe anavuruga kila noti, mtu harukwi.

Arvil alikuwa amepigwa na kiharusi tangu majira ya baridi. Mkono wake wa upinde ulitetemeka, fidla ikawa inakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Sisi tulimngoja. Zamu yake ikifika tulipunguza mwendo, naye akaokota noti mojamoja mpaka mwisho, halafu mtu akamtania kwamba leo amewanyamazisha hata ndege. Arvil alicheka kwa upande mmoja wa uso.

Oktoba, majani ya milimani yalipogeuka mekundu, likaja basi zima la wageni. Walijaa mpaka mlangoni, simu zao juu. Delphia akaona haya. Ndiyo, alimwonea haya kaka yake wa tumbo moja. Zamu ilipofika kwa Arvil, fidla ikiwa tayari begani, Delphia akamruka kwa macho na kumwashiria Hobart wa mandolini, kile kigitaa kidogo. Hobart alisita kidogo, kisha akapokea. Wageni wakapiga makofi. Arvil akaishusha fidla taratibu.

Wakati wa kuondoka aliinama sikioni mwa dada yake.

"Ningekuwa nimechoka, Delphia, ningekwambia."

Siku ya Jumanne Arvil akafa.

Msibani watu waliuliza mbona Arvil hakupiga siku ile, maana wengi walikuwa nyuma ya wageni na hawakuona kitu. Delphia akajibu kwamba Arvil alitikisa kichwa mwenyewe, mkono ulikuwa umechoka. Alilisema hilo mbele ya Orlena, na Orlena akaendelea kukata keki ya tufaha. Hobart alitazama viatu vyake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Delphia alidhani yake imetiwa lami.

Jumamosi baada ya maziko alirudi kwenye duara. Wimbo wa tatu ukafika kwake. Vidole vilikuwa tayari juu ya nyuzi, lakini kichwa kikatikisika. Kushoto, kulia. Kukataa kabisa. Zamu ikampita. Alidhani ni uchovu wa msiba, na watu nao wakasema ni huzuni, mwacheni. Wimbo uliofuata ikawa vilevile.

Jumamosi ya tatu alikaza shingo kama ng'ombe anayevutwa kamba. Hapo ndipo alipohisi mkono. Ulimshika kidevu kutoka mbele, vidole vinne upande huu, dole gumba upande ule. Baridi. Mbele yake hapakuwa na mtu. Ikamjia harufu ya ulimbo, ule wanaoupaka kwenye upinde wa fidla. Mkono ukamgeuza kichwa kushoto. Ukamgeuza kulia. Na wakati wote ulikuwa unatetemeka.

Nyumbani kichwa kilitulia. Hospitali walipima wakakosa cha kusema. Ilikuwa duarani tu, kwenye zamu yake tu, na baada ya mwezi wenzake hawakumtazama tena. Zamu ilimpita kama inavyopita kiti kitupu. Delphia alikuwa amepiga pale miaka sitini. Bila zamu yake alikuwa mtu wa kula maharage na kurudi nyumbani. Usiku alilia, na hakulilia gitaa peke yake. Aliiona fidla ile ikishuka kutoka begani, kila alipofumba macho.

Siku moja Hobart alimfuata hadi penye kuni.

"Dada Delphia, mimi sikumwona Arvil akitikisa kichwa."

"Nyamaza, Hobart."

"Nimenyamaza miezi miwili," alinong'ona. "Nilipokea zamu isiyo yangu, na mimi inaniuma. Ila wewe kinachokupata tunakiona sote."

Jumamosi kabla ya Krismasi theluji ilifunga barabara, tukawa wenyewe kwa wenyewe. Wimbo wa kwanza ukazunguka. Ukafika kwa Delphia. Harufu ya ulimbo ikatangulia. Kisha vidole. Safari hii vilibana mpaka meno yakagongana. Delphia hakukaza shingo. Aliliweka gitaa sakafuni. Mdundo ukafifia, ukakatika. Tukasikia kuni zikilia ndani ya jiko.

"Hakutikisa kichwa," alisema, na maneno yalitoka yamekunjwa, kama ya mtu aliyeshikwa taya. "Arvil hakukataa. Nilimruka. Nilimwonea haya mbele ya wageni, halafu nikamsingizia maiti."

Vidole vikaachia.

Orlena alisimama penye sufuria, upawa mkononi.

"Nilijua," alisema polepole. "Nimekaa naye miaka arobaini na minane. Yule hajawahi kukataa zamu."

"Sasa mbona ulinyamaza, wifi?"

"Nilikuwa nakungoja."

Delphia alifuta uso, akachukua gitaa. Wimbo ukaanza upya. Safari hii alikiashiria kwa kichwa kiti kitupu cha kaka yake, nasi tukashika mdundo. Hatukusikia fidla. Sitawadanganya. Lakini mwendo ulipungua wenyewe. Hakuna aliyeagiza, hakuna aliyehesabu. Mikono yetu sote ilichelewa pamoja, noti kwa noti, kumngoja mtu. Zamu ile ilipokwisha ikaja ya Delphia. Kichwa chake kilitulia. Akapiga, na alipiga vizuri huku machozi yakidondokea gitaa.

Ningependa kuishia hapo.

Baadaye Delphia na Orlena walikuwa wakiosha sahani. Orlena akamvuta wifi yake penye mwanga wa dirisha, akamshusha ukosi wa shati. Chini ya taya la kushoto palikuwa na alama nyeusi, ngumu, sawa na ukubwa wa punje ya haragwe. Wapiga fidla ndio huota alama hiyo, kwa miaka mingi ya kusuguliwa na mbao. Delphia hajaweka fidla begani hata siku moja maishani mwake.

Orlena aliigusa kwa ncha ya kidole. Katikati yake palikuwa na mkato mwembamba.

"Hapa Arvil alijikata kwa wembe," alinong'ona, "asubuhi ile. Alisema wageni wanakuja, hawezi kupiga na ndevu."

Aliondoa kidole akakitazama. Kilikuwa na damu, bado mbichi.