Alimjua Bila Kuambiwa

"Nani atatupatia simu yake tuikague mbele ya watu?"

Mwalimu wa semina hakumaliza hata kuuliza. Fundi, mchomeleaji wa mageti, alishanyoosha mkono.

"Chukua yangu, mwalimu! Mimi sina cha kuficha. Mchumba wangu huyu hapa, muulizeni!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kipusa, mchumba mwenyewe, akatabasamu kwa shida. Alikuja kumsindikiza tu kwenye hii semina ya bure ya usalama wa simu. Angejua, angejitia mgonjwa.

Simu ikaunganishwa na projekta, kila kitu kikaonekana ukutani.

"Hapa unaona ni wapi kwingine meseji zako zinasomwa," mwalimu akasema. "Hii kompyuta ni ya nani?"

"Sina kompyuta mimi."

"Basi yupo anayekusoma. Mara ya mwisho ni leo asubuhi."

"Mungu wangu! Ngoja kwanza. Mwaka jana nilifungua meseji zangu kwenye kompyuta ya duka la fotokopi, nichapishe mchoro wa geti. Sikumbuki kama nilijitoa."

Macho yote yakamgeukia Mama Fotokopi, mwenye duka, aliyekaa mstari wa mbele na mkoba wake mapajani.

"Kumbe ndiyo kazi yako, mama!" mtu akapayuka. "Na vitambulisho vyetu tunavyokuletea je?"

"Jamani, mimi hata kuiwasha ile mashine siwezi! Haki ya Mungu!"

Hakuna aliyemsikiliza. Mama wa watu akaanza kulia, huku wengine wakimwambia aache machozi ya mamba. Kipusa alikuwa mfanyakazi wake wa pekee. Akinyamaza tu, harusi yake ipo. Lakini weee, aibu ilimpanda mpaka masikio yakamuwaka moto.

"Mwacheni mama," akasema. "Ni mimi."

"Wewe umefanyaje?" Fundi akauliza, bado anatabasamu.

"Ni mimi ninayesoma."

Fundi akachomoa simu yake na kutoka nje. Kipusa akamfuata huku akiangalia sakafu, maana kila kiti kilikuwa kinamnong'ona. Akamkuta kwenye ngazi.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya mchoro. Niliona umeandikiana na dada yako, nikasema nisome kidogo tu. Nikakupenda humohumo, Fundi."

"Nilipomwambia dada naogopa kuoa, ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ndiyo maana kesho yake ukaniambia huna haraka."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuona malaika! Nikatangaza mtaa mzima, huyu ananijua bila kumwambia! Jana usiku nilimwandikia dada nini?"

Kipusa akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Ulimwandikia kwamba mimi ndiye mtu pekee asiyekuficha kitu."

"Kumbe na hiyo umeisoma."

"Asubuhi. Nililia, lakini niliisoma."

Fundi akamnyooshea simu.

"Basi mwandikie wewe. Mwambie ukweli."

Kipusa akaipokea, akaandika:

*Wifi, ni mimi. Meseji mlizoandikiana na kaka yako nimekuwa nikizisoma kwa siri kwenye kompyuta ya dukani. Zako pia, za ndoa yako na za kuharibikiwa mimba. Sina uso wa kukutazama.*

Akatuma. Akasimama akilia bila sauti, kamasi zinamtoka, hana hata leso. Mara simu ikalia mkononi mwake, jibu limeingia. Akairudisha haraka bila kuitazama.

"Sisomi. Ni yako."

Fundi akasoma. Akarudia tena. Akajifuta jicho kwa mkono wa shati, akaitia simu mfukoni.

"Huniulizi amesema nini?"

"Ukitaka utaniambia."

"Leo sitaki."

"Na harusi?"

"Hilo nalo usiniulize leo. Rudi ndani kwanza ukamwombe mama yule msamaha, mbele ya walewale waliomtukana. Nitakusubiri hapa, nikusindikize."

Kipusa akapanda ngazi, moyo unamuwaka kwa hamu ya kujua wifi amejibu nini. Hakugeuka. Akasukuma mlango, akaenda moja kwa moja mstari wa mbele, kwa Mama Fotokopi.