Unga Mweupe Ndani ya Pasi

Kila siku baada ya shule, Kichomi alivua sare, akanywa maji kwa pumzi moja, kisha akaenda chumba cha mbele ambako mama yake alishona nguo za watu. Jina la Kichomi alipewa na bibi yake, maana mtoto huyo akikukasirikia hupumui. Kazi yake ilikuwa kufagia nyuzi, kuokota pini na kujaza maji ya bomba kwenye pasi ya mvuke.

Kazi nzuri ilikuwa ya Sindano. Huyu alikuwa binti wa kinyozi, darasa moja na Kichomi, na kila alasiri alikuja kujifunza kushona. Hakuwa na mahali pengine pa kujifunzia. Mama alimpenda, na alimkabidhi hata kopo la chaki za kuchorea vitambaa.

"Tazama pindo hili," mama alisema siku moja, akiinua kazi ya Sindano. "Huoni hata uzi ulikopita." Pindo ambalo Kichomi naye alijaribu kushona lilifumuliwa palepale, na Sindano akatabasamu. Labda alitabasamu kwa mambo yake mengine. Kichomi hakutaka kujua. Aliapa moyoni kwamba huyo msichana atakiona cha mtema kuni.

Nafasi ilijileta yenyewe. Alhamisi, mama alikuwa akipiga pasi joho jeusi la kwaya. Pasi ikakoroma, ikatema maji yenye chembe nyeupe, na kifua cha joho kikajaa madoa.

"Nini tena hiki?" mama akauliza.

Kwenye chumba cha fundi cherehani, kitu cheupe ni chaki, basi.

"Sindano ameikwangua chaki akaitia ndani ya pasi," Kichomi akasema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Hakumwona. Aliamini kabisa kwamba ni yeye, lakini hakumwona, na uongo ule ulimtoka bila hata kumeza mate. Sindano alikana mpaka akalia.

"Mwanangu hajawahi kunidanganya," mama akasema mwishowe. "Nenda nyumbani, binti. Usije tena mpaka nikuite."

Kesho yake Kichomi aliisimulia habari hiyo mbele ya darasa zima, akaitia chumvi ya kutosha. Mchana hakuna aliyetaka kukaa karibu na Sindano. Ungedhani Kichomi ametosheka, lakini wapi! Jumamosi asubuhi pasi iligoma kabisa kutoa mvuke, na damu ikamchemka upya. Alisaga kipande cha chaki, akakifunga kwenye karatasi, akashika njia mpaka dukani kwa kinyozi. Huko kulikuwa na birika la umeme la kuchemshia maji ya kulowekea taulo. Wametuulia pasi, alijiambia, basi na birika lao life.

"Shikamoo, baba. Naomba maji ya kunywa."

"Marahaba, mwanangu. Pita huko nyuma," kinyozi akajibu huku akimnyoa mteja. "Mwenzako yuko nyumbani. Anasema cherehani yenu imeharibika, ndiyo maana haji."

Kumbe Sindano alikuwa ameona aibu hata kumwambia baba yake. Kichomi alijisikia vibaya kidogo, lakini akapita. Akafunua birika. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe, mnene, umeng'ang'ania chini na pembeni.

"Nani amewatilia chaki humu?" ikamponyoka kwa sauti.

Kinyozi akaja, akacheka. "Chaki wapi? Hayo ni maji ya bomba. Maji yetu ni magumu, yana chokaa ambayo huioni. Ukiyachemsha, mvuke unaondoka, chokaa inabaki na kuganda. Hujaona sabuni inavyokataa kutoa povu? Birika letu la kwanza liliungua kwa sababu hiyo." Kisha akaona karatasi mkononi mwake. "Na hiyo ni nini?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni. Lakini Kichomi alitazama ule ukoko, akakumbuka ni nani aliyejaza maji ya bomba kwenye pasi kila siku. Akasema yote, pamoja na lile neno "nimemwona".

Kinyozi hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alimpa chupa ya siki. "Mama yako achanganye nusu siki, nusu maji, aache ndani ya pasi saa moja, kisha aisuuze vizuri. Na hayo uliyoniambia, kamwambie mwenyewe."

Alimwambia. Mama akafanya kama alivyoelekezwa. Pasi ilikohoa magamba meupe, mvuke ukarudi, na madoa ya joho yakafutika kwa kitambaa chenye siki. Halafu mama akamshika Kichomi mkono mpaka nyumbani kwa kinyozi, akamwomba Sindano radhi yeye kwanza, kisha Kichomi naye akaomba.

"Mimi sitaki radhi ya chumbani," Sindano akamwambia Kichomi. "Ulinisema mbele ya darasa. Ujikanushe mbele ya darasa."

Jumatatu Kichomi alisimama mbele ya darasa, akasema kwamba alidanganya. Wengine walimzomea. Alasiri Sindano alirudi kwenye cherehani yake, akashona bila kumtupia jicho.

"Mama, bado amenuna," Kichomi akanong'ona.

"Mwache anune, ana haki," mama akajibu. "Kushuku tunashuku sote. Lakini ulisema umeona kitu ambacho hukukiona, na neno hilo likamfukuzisha mtu mahali pake. Mimi nami nilikuamini kwa kuwa wewe ni wangu, sikuifungua hata pasi. Ulitaka kumlipizia kosa ambalo hakulifanya. Yeye kosa lako analijua, na alichokudai ni ukweli tu. Sasa nenda kamwombe akufundishe pindo."

Kichomi alichukua kitambaa chake, akaenda kukaa karibu naye.