Vizibo Ndani ya Mashine ya Nauli

Kila Jumamosi Celina aliamka alfajiri, akateka maji, akafagia ua, kisha akapika ndizi na maharage ya kumpelekea shangazi yake Benigna kisiwani Bumbire. Mwaka ule wa 1992 UKIMWI ulikuwa umebisha hodi katika nyumba nyingi za Muleba. Shangazi alikuwa amebaki mifupa mitupu, na siku nyingine jirani alimlisha, lakini Jumamosi Celina asipofika, shangazi hakuwa na mtu wa kumlisha.

Kilichomsumbua Celina si kuvuka ziwa, ni mashine. Mzee Suryakant, mfanyabiashara wa Bukoba mwenye boti ya kwenda kisiwani, alikuwa amechoka kuibiwa na makarani. Basi akafunga mashine ya nauli kwenye lango la gati. Abiria alitumbukiza sarafu, chuma cha lango kikazunguka, akapita. Lakini mara nyingi mashine ilimeza sarafu na chuma kikagoma.

"Ta Byabato, nimeshalipa!" Celina alimlalamikia mlinzi wa lango, akimwita Ta, yaani baba, kwa heshima ya Kihaya. "Si umeniona?"

"Nimekuona, mwanangu. Lakini Mzee kasema chuma kisipozunguka, mtu hapiti. Eti mashine haisemi uongo."

Boti ikaondoka. Celina alirudi nyumbani na chakula chake, machozi ya hasira yakimtoka. Siku hiyo shangazi alishinda na njaa.

Jumamosi iliyofuata aliwakuta wenzake wakigonga vizibo vya soda kwa jiwe mpaka vikawa bapa kama sarafu.

"Imekula yangu, basi nayo ile hiki," Celina alisema, akagonga cha kwake, akakitumbukiza. Chuma kikazunguka. Akapita akicheka.

Wiki ya tatu mashine ilikwama kabisa. Abiria walijazana langoni, miongoni mwao mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa, akirudi kisiwani na dawa. Siku hiyo Mzee Suryakant mwenyewe alikuwepo.

"Mmeiharibu!" alifoka.

"Mashine yako ndiyo mwizi!" abiria wakamjibu.

Boti ilipiga honi. Celina alimtazama yule mtoto akihema begani kwa mama yake. Akajipenyeza mbele.

"Shikamoo, Mzee. Ndani kuna vizibo. Kimoja nilitia mimi, baada ya mashine kumeza sarafu yangu."

Byabato alileta bisibisi, akafungua. Vizibo vikamwagika, na chini yake zikaonekana sarafu nyingi zilizogandana kwa kutu. Mzee Suryakant aligusa springi, ikakatika mkononi.

"Tangu niilete sijaifungua hata siku moja," alisema polepole. "Byabato, wapitishe wote."

Ilipofika zamu ya Celina, Mzee alimsimamisha.

"Ulidhulumiwa, binti, na nauli yako utarudishiwa. Lakini kizibo chako hakikunikomoa mimi, kilimfungia njia yule mama. Mimi nami nimekosa. Niliamini chuma, nikakataa kuwasikiliza watu. Kuanzia leo itasafishwa kila asubuhi, na ikigoma, mlinzi atafungua kwa mkono."

"Nami nilijua ukweli nikanyamaza," Byabato alisema, akiinamisha kichwa. "Celina, ukionewa usilipize kwa hila. Sema, na useme ukweli wote, hata ule unaokutia aibu. Haya kimbia, shangazi anakusubiri."

Celina alikimbia. Mchana huo shangazi Benigna alikula nusu sahani, akaomba maji.