Ganda la Punje Nyeusi

Kila siku baada ya masomo nilikwenda kwenye karakana ya shangazi, nikavaa aproni na kusugua mawe. Shangazi huwakatia mawe watafiti wa volkano: huyapitisha kwenye msumeno wa maji, kisha huyasugua mpaka yawe membamba kiasi cha kupitisha mwanga. Shuleni waliniita Mbishi, na sikuona sababu ya kulikataa jina hilo.

Darasa letu lilikuwa likiandaa bango la maonyesho kuhusu mlima ulio juu ya mji wetu. Swali lilikuwa moja: magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, ilipanda kwa kasi gani mara ya mwisho? Jibu limo katika punje nyeusi za madini ndani ya jiwe. Magma ikipanda polepole, punje huharibika pembeni na kuwa na ganda nene. Ikipanda haraka, ganda huwa jembamba, kwa kuwa punje haikupata muda wa kuharibika.

Kiranja wetu alikuwa ameshaandika kwa rangi nyekundu: TUTAPATA MWEZI MZIMA WA KUHAMA. Alitumia kipande kimoja tu cha jiwe kati ya vitano nilivyoleta kutoka karakana. Mimi nilivitazama vyote kwa hadubini. Vinne vilikuwa na ganda jembamba, la siku chache tu.

"Futa," nikasema.

"Maonyesho ni kesho, na rangi imeshakauka," kiranja akajibu. "Wewe nawe, kila kitu ubishi! Usiponyamaza, jina lako linatoka kwenye bango."

"Litoe! Watu wanaokaa chini ya mlima watasoma mwezi mzima, kumbe ni siku chache. Sinyamazi ng'o!"

Nilivichukua vile vipande, nikaenda karakana nimefura kwa hasira. Shangazi alikitazama kile kipande chenye ganda nene, akakunja uso.

"Hiki hakijapita katikati ya punje, kimepita pembeni. Ukikata ncha ya mkate, si utapata ganda tupu? Ndiyo maana mimi huchora mstari kwa penseli kabla ya kukata. Nani amekata hiki?"

Juzi, shangazi alipotoka kumsikiliza mteja, niliwasha msumeno bila ruhusa, nikakata bila kuchora. Nilitaka kuonyesha kwamba naweza. Sasa ubishi wote uliniishia. Ningenyamaza, nani angejua?

"Ni mimi, shangazi."

"Msumeno ule ungekukata vidole, mwanangu. Hutaugusa mwaka mzima." Hakupaza sauti, na hilo liliniuma zaidi. "Na shuleni utasema nini?"

Asubuhi nilisimama mbele ya darasa, mwalimu akiwapo, nikaeleza yote.

"Kumbe kosa ni lako mwenyewe!" kiranja akaangua kicheko, na darasa zima likamfuata. Niliona aibu, lakini sikukaa.

"Chekeni mpaka mchoke," nikasema. "Bango bado ni la uongo."

Kicheko kikaisha. Kiranja akaenda kuleta rangi nyeupe, akanipa brashi moja, nyingine akaishika yeye. Wageni walipoingia, maandishi mapya yalikuwa bado mabichi: MARA ILIYOPITA MAGMA ILIPANDA KWA SIKU CHACHE. TUJIANDAE SASA.

"Wanangu," mwalimu akatuambia, "kumbishia mwenzako ni rahisi. Kazi ni kukiri kosa lako mbele ya watu, kisha ukaendelea kuutetea ukweli huku wanakucheka. Leo kuna mzazi atakayelisoma bango hili akajua awahi kiasi gani kuwahamisha watoto wake."